Vilemba vya Vyumba Sita

Mlango wa nyumba yao ulifunguliwa na mtu mwingine. Mwanamke mnene wa makamo, mikono imejaa unga wa ngano, alisimama kizingitini akawatazama Thadeo na mkewe Dafroza, kisha akautazama mkokoteni uliokuwa nyuma yao na kitanda, masufuria, begi la nguo na kuku wawili waliofungwa miguu.

"Karibuni," alisema. "Mmekuja kwa nani?"

Thadeo alicheka kicheko cha mtu aliyejiandaa kufurahi tangu asubuhi. "Tumekuja kwetu, mama. Sisi ndio wenye nyumba."

"Aaa! Ndio ninyi mlionunua kwa Mzee Muharami." Alijifuta unga kwenye kanga. "Mimi Mwamvita, mpangaji wa chumba cha mbele hiki. Karibuni ukumbini mpumzike. Na mizigo hii mnaipeleka wapi?"

Dafroza hakulipenda swali lile. Mtu hamuulizi mwenye nyumba mizigo anaipeleka wapi, labda awe anajua jambo ambalo mwenye nyumba halijui. Alimtazama mumewe, lakini Thadeo alikuwa ameshaingia ukumbini, anahesabu milango kwa kidole. Mitatu kulia, mitatu kushoto. Kila mlango ulikuwa na pazia, na nyuma ya kila pazia palikuwa na harufu ya mtu: mafuta ya taa, dagaa wa kukaanga, sabuni ya mche.

"Sisi tutachukua hivi viwili vya mbele," Thadeo alisema. "Vingine vinne wapangaji waendelee. Hatuna ubaya na mtu."

Mwamvita alitikisa kichwa. "Baba, hapa hakuna chumba cha kuchukuliwa. Vyote sita vina watu."

"Najua vina watu. Mzee Muharami aliniambia. Alisema wapangaji wangu wote wana vilemba."

"Hapo alisema kweli. Wote tunavyo."

Thadeo alimtazama kichwani. Mwamvita alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kilichopauka. Pazia la pili likasogea, akatoka mwanamume mrefu mwenye kirungu cha ulinzi mkononi, kichwa kitupu, kimenyolewa kikang'aa. Huyo alikuwa Mseti, mlinzi wa usiku kiwandani, na pumzi yake ilitangulia na gongo. Nyuma yake akachungulia mwalimu mmoja mwembamba, rozari shingoni, akasema naye anaitwa Stanislausi, Tumsifu Yesu Kristo.

"Milele na milele," Dafroza aliitikia.

Thadeo hakuitikia. Alimvuta mkewe pembeni akamnong'oneza kwa Kijita: "Hawa siyo wale. Mzee alisema wapangaji ni watu wa vilemba, mashehe. Ijumaa ile nilipokuja kuitazama nyumba, mimi mwenyewe niliwaona wawili pale barazani. Sasa huyu mlevi na huyu wa rozari wametoka wapi? Wamevamia. Wale wa haki wametolewa."

Dafroza aliusikia moyo wake ukipiga hatua moja pembeni. Neno lile, vilemba, alikuwa amekutana nalo mahali pengine. Alilifungia mdomo.

Jioni ile mizigo yao iliingia stoo ya mkaa, uani, kati ya choo na jiko. Mwamvita ndiye aliyewaonyesha. Aliwapa na ufagio.

*

Walikuwa wameuza kila kitu kilichouzika. Ng'ombe saba, na injini ya mtumbwi ambayo Thadeo aliinunua mwaka sangara walipoanza kuwa na bei. Ulikuwa wakati sukari imerudi madukani lakini hela ya kuinunulia imepotea, nyavu zinapanda bei kila mwezi, na usipolala mtumbwini unakuta zimeibiwa. Ndipo alipotokea Felisian, mtoto wa baba mkubwa wa Thadeo, karani aliyepunguzwa kazi ushirika. Alikuja kijijini kwao Mugango na faili kwapani akawapa mawaidha ya siku nzima.

"Nyumba, ndugu yangu," alikuwa akisema, "haili majani, haiibwi majini. Anayeanza anaanza na vyumba vichache. Nunua yenye wapangaji tayari, usijenge mpya ukatafuta watu. Cheki bati. Cheki choo kimejaa kiasi gani. Uliza majirani maji yanapatikana siku ngapi kwa wiki. Kaa chumba kimoja, vingine vikulishe."

Na kweli walicheki. Thadeo alipanda juu akagonga bati moja moja kwa kifundo cha kidole. Alichungulia choo kwa tochi. Bei ilikuwa ndogo mpaka Dafroza akaiogopa, lakini Felisian alisema mzee ana haraka ya kuhamia Bunda kwa watoto wake, na mtu mwenye haraka habishani.

Siku ya nne ya kulala stoo, Felisian alikuja kuwasalimia. Alikuwa amevaa kaunda suti mpya ya kijivu. Dafroza aliitazama kola. Iliinuka kidogo nyuma na kushuka mbele kama mdomo wa birika. Kola za namna hiyo, Musoma nzima, alikuwa anazishona fundi mmoja tu, na fundi huyo ndiye aliyewauzia nyumba.

"Shemeji umependeza," alisema.

"Ah, hii ya zamani, shemeji."

"Ya zamani na bado ina chaki ya fundi mgongoni?"

Felisian alijipapasa mgongo. Thadeo hakusikia, au alijifanya hasikii. Alikuwa anaeleza shida yake: wapangaji hawataki kutoka, na kodi hawamletei. Kila akiuliza anaambiwa ilishalipwa.

"Wewe ni mwenye mali," Felisian alisema. "Mwenye mali haombi. Mpe mtu siku zake, akikataa ng'oa mlango. Anza na huyu mlinzi, wengine watajifunza."

"Sina ubaya na mtu," Thadeo alisema, lakini safari hii alilisema polepole.

Alimkuta Mseti ukumbini, ameketi kwenye ndoo, anapiga kiwi viatu vya kazi. Wapangaji wengine walikuwa karibu, maana ilikuwa Jumapili.

"Bwana Mseti, nakupa mpaka Ijumaa. Chumba nakihitaji."

Mseti hakuinua kichwa. "Sawa. Nipe kwanza kilemba changu."

"Kilemba gani?"

"Changu. Si nilitoaga wakati naingia?"

Thadeo aliutazama upara wa Mseti, umeng'aa kuliko viatu. "Wewe kilemba umekivaa lini, na kichwa hicho?"

Ukumbi mzima ukaanguka kicheko. Mwamvita aliegemea ukuta akishika mbavu. Mwalimu Stanislausi aligeuka upande ili asionekane meno. Mke wa fundi baiskeli wa chumba cha tano alitoka akinyonyesha mtoto, akauliza mmesemaje, mmesemaje, akaambiwa, naye akaanza upya.

"Mwenye nyumba ananitafutia kilemba kichwani!" Mseti alisema, machozi yanamtoka. "Kitazame vizuri baba, labda kimezama!"

"Kiko wapi basi?" Thadeo alifoka.

"Kiko kwa mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba ni mimi!"

"Basi kiko kwako. Lete."

Thadeo alirudi stoo akakaa juu ya gunia. Wamemuita mwizi wa kofia, alisema. Mbele ya wanawake. Ijumaa hatasubiri, atakwenda kuazima mtaimbo.

Dafroza alikuwa anajua kwamba Mseti analala mchana na panga chini ya godoro. Aliliona siku alipomsaidia Mwamvita kufagia ukumbi, pazia lilipoinuliwa na upepo.

*

Alhamisi alimwambia mumewe anakwenda kuuliza bei ya dagaa, akaenda Bunda. Kwenye kifua, ndani ya leso, alibeba karatasi ya mauziano. Njia nzima alijifunza atakayosema. Wewe mzee umetudhulumu. Umemhonga shemeji yangu kaunda suti. Umewatoa wapangaji wa haki ukatuachia walevi. Alipanga kuyasema kwa sauti ya juu, yeye ambaye kanisani hakuwahi hata kusimama kusoma matangazo.

Muharami alikuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka, futi shingoni, wateja watatu kwenye benchi. Alipomwona aliinuka.

"Mama Bwire! Karibu sana. Mwenzio hajambo? Nyumba inasemaje?"

Maneno yote ya njiani yakampotea. Alibaki na moja. "Umetuibia."

Cherehani ilisimama. Wateja wakageuza shingo.

"Mimi?" Mzee alisema taratibu. "Nimekuibia nini, binti yangu?"

"Vyumba. Umeuza nyumba ya vyumba sita, hakuna hata kimoja. Na shemeji yangu ulimshonea suti anyamaze."

"Suti nilimshonea, sikatai. Alinitafutia mnunuzi, nikampa cha juu yake. Dalali halipwi kwa shukrani tu. Lakini kunyamaza, anyamazie nini? Mimi nilisema kila kitu. Karatasi unayo?"

Dafroza aliitoa.

"Isome. Kwa sauti, na hawa wasikie. Si wewe ndiye uliyemsomea mwenzio siku ile?"

Ndiye. Thadeo hakujua kusoma. Dafroza aliishia darasa la tano, na siku ile mbele ya balozi wa nyumba kumi alijivuna kidogo kupewa karatasi ashike. Alianza kusoma sasa kama alivyosoma siku ile, kidole chini ya mstari. Mimi Muharami nimemuuzia Bwana Thadeo. Nyumba ya bati. Choo kimoja, jiko moja. Kidole kikafika mahali pale, kikasimama.

"Endelea."

"Vyumba vyote sita vina vilemba, na mnunuzi amekubali."

"Uliposoma hapo ulielewaje?"

Aliitazama sakafu. Siku ile alilitazama neno lile mara mbili. Kilemba kwake kilikuwa nguo ya kichwani. Nyumba nayo ina kichwa. Wanaume wanne walikuwa wamekaa wanangoja amalize, balozi ameshika wino wa kidole gumba, na yeye aliona haya kuuliza. Akainua macho juu, akaona bati za kofia zilivyopangwa vizuri kwenye mgongo wa paa, akajijibu mwenyewe, akaendelea kusoma.

"Nilidhani ni paa," alisema.

Mteja mmoja alikohoa kicheko. Muharami alimtupia jicho, naye akakimeza.

"Paa," mzee alirudia. Hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa kipande cha kitambaa. "Kaa hapa, binti yangu. Mjini mtu hapati chumba kwa kuomba. Vyumba ni vichache, watu ni wengi. Anayetaka kuingia anatoa fungu la kwanza kwa mwenye nyumba, ndilo linaitwa kilemba. Akishatoa, anakaa kwa kodi ndogo, na hatolewi mpaka arudishiwe fungu lake. Au akiondoka mwenyewe, anayeingia ndiye anamlipa. Wale wote sita walinipa. Na walinilipa kodi mpaka Desemba, niliwaambia pia, mwenzio akaitikia kwa kichwa. Vilemba vyao ndivyo nilivyonunulia zile bati. Kwa hiyo paa hukukosea sana."

"Mume wangu alidhani ni mashehe."

"Mashehe?"

"Wapangaji. Kwamba wanavaa."

Hapo mzee mwenyewe alishindwa. Alicheka akaomba radhi, akacheka tena. Kisha akasema: "Nyumba ya vyumba sita, nyuma ya soko, kwa ng'ombe saba na injini. Hamkujiuliza?"

"Tulidhani una shida."

"Nilikuwa nayo. Lakini shida haikati nyumba nusu bei, mama. Kilichoikata kimeandikwa hapo."

Dafroza aliikunja karatasi. Alikuja na hasira iliyojaa, sasa hakujua pa kuiweka. Aliinuka aondoke bila kuaga, mzee akamwita.

"Mwamvita ana binti anayekaa Guta, amejifungua mapacha. Atahitaji kuhama kabla ya mvua. Msipigane na mtu. Mlipeni kilemba chake, mwingine asiwawahi."

Dafroza alimtazama usoni, akitafuta kama na hapo pana kaunda suti ya mtu. Hakuona kitu. Hilo nalo halikumtuliza.

*

Aliporudi jua lilikuwa bado juu. Thadeo alikuwa uani na Felisian, mtaimbo umeegemezwa ukutani. Hawakuwa wamesubiri Ijumaa. Mseti alikuwa amelala, pazia limeshushwa.

"Umechelewa," Thadeo alisema. "Ingia stoo, ufunge."

"Usiuguse huo mtaimbo, Baba Bwire."

"Shemeji, haya ni ya wanaume," Felisian alisema.

"Shemeji, wewe ulishalipwa. Nenda na suti yako."

Felisian alifungua mdomo, akaangalia suti yake, akaufunga. Alichukua faili lake akapitia ukumbini bila kumuaga mtu.

Dafroza alikaa chini, juu ya vumbi la mkaa, akamweleza mumewe yote. Hakuanzia Bunda. Alianzia siku ya karatasi, kidole chake kilipofika kwenye lile neno. Alisema nililiona. Alisema sikulijua. Alisema niliona haya kuuliza mbele ya wazee, nikatazama juu.

Dafroza alisubiri kofi, au tusi, au arudishwe kwao. Vyote vitatu alivihesabu kuwa haki yake.

"Ng'ombe saba," Thadeo alisema mwisho.

"Ndiyo."

"Na mimi nilimuuliza Mseti kilemba chake kiko wapi. Nikamtazama upara."

"Ndiyo."

Aliuchukua mtaimbo. Lakini aliuweka begani akatoka nao kwa mlango wa uani, kumrudishia aliyeuazimisha.

*

Mwamvita alikubali kuhama, akataka kilemba chake, elfu kumi na mbili. Walikuwa na elfu tisa, walizoziweka kwa ajili ya sare na madaftari ya watoto, waliokuwa bado Mugango kwa bibi yao wakisubiri baba na mama wapate chumba. Thadeo alishinda siku mbili ziwani kwenye mtumbwi wa mtu mwingine. Dafroza aliuza wale kuku, na kitanda.

"Mnauza kitanda mnunue chumba," Mseti alisema akipita. "Mtalala wima?"

"Tutaazima godoro lako, mchana ukiwa kazini."

"Mchana niko ndani, mama."

"Ndiyo najua. Na ulichokilalia nakijua pia."

Mseti alimtazama upya. Tangu siku hiyo alianza kumwamkia yeye kwanza.

Wapangaji wote walikuja ukumbini kushuhudia, maana haikuwahi kuonekana mwenye nyumba anatoa kilemba aingie nyumbani kwake. Mwalimu Stanislausi aliandika juu ya kibao cha kukatia mboga. Alimaliza, akapuliza wino, akampa Thadeo. Thadeo akampa mkewe.

"Soma," alimwambia. "Polepole."

Dafroza aliweka kidole. "Mimi Mwamvita wa chumba cha mbele." Akasimama. "Cha mbele ni kipi?"

"Hiki hiki!" wakaitika kwa pamoja.

"Cha mkono upi?"

Mwalimu aliguna. "Wa kulia ukiingia."

"Andika."

Akaandika. Dafroza akaendelea. Kwenye kila mstari aliuliza. Nimepokea, maana yake zote au nusu? Kuanzia leo, leo ni tarehe ngapi? Mke wa fundi baiskeli alianza kuchoka kusimama. "Mama mwenye nyumba," alisema, "na neno 'mimi' mbona hukuliuliza?" Wakacheka. Masikio ya Dafroza yakawa moto, kama siku ile. Kidole chake hakikutoka kwenye karatasi.

"Ninamwachia chumba kitupu," alisoma. "Kitupu ni nini?"

Kicheko kilipanda mpaka kwenye bati.

"Kitupu ni kitupu, mama," mwalimu alisema kwa sauti ya darasani. "Kisicho na kitu. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Kisicho na kitanda cha Mwamvita."

"Ndiyo."

"Kisicho na meza yake."

"Ndiyo."

"Na mlango?"

Mwalimu aliinua kalamu. Kicheko kilikatika, kikaanzia mbele kufa mpaka nyuma. Mwamvita alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Mlango ni wangu," alisema baadaye, si kwa ukali. "Nilitengenezesha mwenyewe kwa seremala, wakati naingia palikuwa na gunia tu. Hapa kila mtu ana mlango wake. Tukihamaga tunahama nao."

Thadeo aliitazama milango sita, mitatu kulia, mitatu kushoto, ile aliyoihesabu kwa kidole siku ya kwanza. Alikaa polepole kwenye ndoo ya Mseti.

"Bawaba alishazilegeza jana," Mseti alisema. "Nilimwona. Nikasema haya, tutaona."

"Mdomo wako!" Mwamvita alisema.

Dafroza hakukasirika. Jambo hilo lilimshangaza yeye mwenyewe. Alitoa zile noti zilizokunjwa kwenye leso, zote elfu kumi na mbili, akazishika zionekane, hakuzitoa mkononi.

"Kama ni hivyo, mwalimu, andika: na mlango wake, na bawaba, na kitasa."

"Kitasa pia?" Mwamvita aliuliza.

"Na ufunguo."

Mwamvita aliziangalia noti. Alifikiri mapacha wa Guta, labda, au uzito wa mbao kwenye mkokoteni. "Andika," alisema.

Mwalimu aliandika. Dafroza akasoma tena yote tangu mwanzo, na safari hii hakuna aliyecheka. Kisha akahesabiwa Mwamvita hela zake, kidole gumba kikachovywa wino, na pazia likateremshwa.

Chumba kilikuwa kitupu kweli. Palikuwa na alama nne za miguu ya kitanda sakafuni na moshi wa koroboi ukutani. Thadeo aliingia kwanza. Dafroza alimfuata akausukuma mlango nyuma yake. Bawaba zililegea, ukashuka kidogo, ukakwama. Aliuinua kwa bega, akaufunga, akazungusha ufunguo. Halafu akaufungua, akachungulia ukumbini kama kuna mtu amebaki kusikiliza, akaufunga tena.